Tangazo la Dakika Moja

"Ni wewe?"

Maneno mawili tu. Niliyatoa mwenyewe, kwa kinywa changu, kwenye ngazi za dharura za ghorofa ya tatu, na mpaka leo nikiyakumbuka najiuma ulimi.

Mwanamume niliyemuuliza alikuwa amekaa ngazi mbili chini yangu. Amepakata boksi la vitu vyake vya mezani: kikombe, chaja, dawa ya kikohozi, shati la akiba. Kazini kila mtu alimwita Kasuku, maana akishika kipaza sauti, dakika tisini zinaisha hajavuta pumzi. Nchi sita zilimjua kwa sauti hiyo. Mimi nilimjua kwa mambo mengine. Nilijua anavyokunja mikono ya shati kabla ya kunawa. Nilijua anavyomsikiliza binti yangu wa miaka minne, kichwa kimeinama, utadhani anamhoji nahodha wa timu.

"Rudia," alisema bila kugeuka.

"Nimekuuliza tu kama..."

"Hapana. Rudia vizuri. Sema, wewe mwanamume niliyekubali anioe, umeuza siri ya kituo? Sema yote. Usinikatie katikati."

Nikashuka ngazi moja.

Jumatatu asubuhi wenye ligi walikuwa wametangaza kwamba haki za kuonyesha mechi zao kwa miaka minne ijayo wamewapa wapinzani wetu, wale wenye jengo la vioo ng'ambo ya barabara. Sisi ligi hiyo tulikuwa nayo miaka kumi na mmoja. Watu walinunua ving'amuzi kwa ajili yake. Kituo cha michezo cha kulipia kisicho na ligi ni duka la viatu lisilo na kiatu.

Na kilichotuuma zaidi ni namna tulivyoshindwa. Kwenye zabuni yetu tulikuwa tumeficha kitu kitamu: kila Jumapili mechi moja ya bure, hata kwa mteja ambaye kifurushi chake kimeisha. Wapinzani wakaja na wazo hilohilo, ila wao wakaweka mechi mbili. Kabla ya hapo watu wanne tu walilijua: Mkurugenzi, kaka yangu, mimi niliyeunganisha picha za tangazo la msimu mpya, na Kasuku aliyelisoma kwa sauti yake. Tangazo lilirekodiwa mapema ili siku ya ushindi lirushwe papo hapo. Siku ya ushindi haikufika. Jumatatu mchana Kasuku alinyang'anywa kitambulisho; Jumatano hii alikuwa ameitwa kuhojiwa na kuchukua vitu vyake.

"Jumamosi ulionekana ng'ambo," nikasema. "Umekaa unakunywa chai na yule dada wa kipindi chao cha jioni."

"Nani kakwambia?"

"Kaka."

"Ahaa. Kaka." Akacheka, kicheko kikavu. "Kaka kakuhesabia na vijiko vya sukari?"

"Usimfanyie mzaha kaka yangu."

"Yeye anifanyie, mimi nisimfanyie. Sawa."

Kaka ndiye mkuu wa haki za matangazo, mtu wa zabuni na mikataba. Jina lake la kazini ni Mkataba, na analipenda. Alinilea tangu nina miaka tisa, wazazi wetu walipotutoka. Kasuku hakumtaka tangu siku ya kwanza. "Mtu analipwa kwa kupiga kelele," aliniambia, "nyumbani atanyamaza saa ngapi?" Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Basi niambie ulifuata nini kule," nikasema, na sauti yangu ikaanza kupanda. "Neno moja tu, nikamwambie Kaka."

"Ukamwambie Kaka." Ndipo akageuka. Macho yale ambayo kila asubuhi yalinitafuta kupitia kioo cha chumba cha mitambo kabla hayajatafuta kitu kingine, sasa yalinitazama kama mtu anayesoma kibao cha duka lililofungwa. "Mimi nilidhani unataka kujua wewe."

"Nataka kujua mimi!"

"Umechelewa. Mtu anayetaka kujua huuliza, ulikuwa wapi. Wewe umeuliza, ni wewe." Akasimama na boksi lake. "Saa nane naingia kwa Mkurugenzi. Wote wananiona mwizi, sawa, hawanijui. Wewe sikuwa nakuweka kwenye wote."

Akashuka. Nilisikia viatu vyake mpaka ghorofa ya chini, na kila hatua nilitaka kumwita. Kiburi kikanishika shingo. Sikumwita.

Nikarudi chumba cha mitambo, kule ambako baridi ya kiyoyozi haina huruma na skrini ishirini zinakutazama zote kwa pamoja. Nikavaa koti langu la sufi, nikakaa kwenye kiti changu. Machozi yakinijia, nayasukuma ndani. Zamu ni zamu.

Sauti ya fundi wa uwanjani ikatoka kwenye spika. Huyu tunamwita Babu Waya, mzee wa maneno mengi anayekaa uwanjani na nyaya zake kuliko anavyokaa nyumbani kwake.

"Binti, upo?"

"Nipo, Babu."

"Mbona sauti ya mafua?"

"Kiyoyozi."

"Haya. Napima laini ya mechi ya kesho. Nitumie ile mistari ya rangi na mlio wa kupimia. Rangi na mlio tu, mama, usije ukanirushia sinema kama wiki iliyopita."

"Sinema gani tena?"

"Si lile tangazo lenu la msimu mpya! Lilikuwa tamu, sikatai. Hata vijana wa ng'ambo walisogeza viti wakalitazama mpaka mwisho."

Mkono wangu ulikuwa njiani kwenda kwenye swichi. Ukabaki hewani.

"Vijana wa ng'ambo walikuwa wapi, Babu?"

"Hapa hapa, chumba cha nyaya. Alhamisi walikuwa na voliboli kwenye ukumbi wa ndani, gari lao la matangazo limechomekwa kwenye laini. Na laini ya uwanja ni moja, unajua. Ukinitumia mimi, umetutumia wote tuliochomeka." Akagonga kipaza sauti chake. "Binti? Mbona huniletei rangi?"

Nikamtumia rangi na mlio. Kisha nikavuta daftari la zamu, lile ambalo kila kinachotoka kwenye chumba chetu lazima kiandikwe, hata kiwe cha sekunde tatu. Nikafunua mpaka Alhamisi. Mwandiko ulikuwa wangu, wa duara, ule niliosifiwa shule ya jioni:

*Saa 4:14 asubuhi. Jaribio la laini ya uwanjani. Tangazo la msimu mpya, dakika moja. Aliyeagiza: Mkuu wa Haki.*

Nikakumbuka yote. Kaka aliingia siku hiyo na shati jipya, ana furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni kwake tangu harusi yake. "Mdogo wangu, lipeleke uwanjani, Babu Waya aliweke kwenye skrini kubwa, kamera ya kule ituonyeshe linavyokaa." Nikamwambia, Kaka, laini inapimwa kwa rangi na mlio tu. Akanigusa bega. "Dakika moja. Uwanja mtupu, saa nne asubuhi, atakayeliona nani?" Mimi nikabonyeza. Mtu anafundishwa siku ya kwanza kabisa katika kazi hii kwamba laini ya jaribio haipelekwi kitu cha ndani. Nilifundishwa. Nikabonyeza kwa sababu Kaka alikuwa na furaha.

Saa saba na nusu nilikuwa mlangoni kwake, daftari kifuani. Alikuwa anafunga tai mbele ya kioo kidogo cha ukutani.

"Kaka. Lile tangazo, Alhamisi."

Hakuuliza tangazo gani. Vidole vyake vilisimama kwenye fundo la tai, na hapo ndipo nilipojua kwamba anajua.

"Funga mlango," alisema.

"Umejua lini?"

"Mdogo wangu, funga mlango."

Nikafunga. Miaka ishirini ya kumtii haiondoki kwa siku moja.

"Jumatatu," akasema. "Babu Waya alipotaja voliboli."

"Jumatatu hiyohiyo ukasaini barua ya kumsimamisha Kasuku."

"Nilisema achunguzwe. Sikusema ameiba."

"Na Jumanne ukaniita jikoni kwako ukanipa habari ya chai! Ulitaka nimuulize, Kaka. Ulitaka nimuulize mimi!"

"Nilitaka uachane naye, ndiyo! Mwaka mzima nakuambia, huyu si mtu wa kukaa na mwanamke mwenye mtoto. Leo yuko mji huu, kesho uwanja ule. Kwa yule wa kwanza hukunisikia, ukarudi kwangu na mimba na begi moja. Hii nayo nikae nikuangalie?"

Lilinichoma, na alijua litanichoma. Nikashika daftari kwa nguvu zaidi.

"Hayo sijayauliza," nikasema.

Akakaa. Ghafla alionekana mkubwa kuliko umri wake, tai haijakaa sawa, upande mmoja wa kola umesimama. "Sikiliza. Yeye ana sauti. Sauti inaajiriwa popote, hata kesho. Mimi nina miaka kumi na tisa humu ndani. Nje ya hii ofisi mimi ni nani? Na ukipeleka hilo daftari, aliyebonyeza ni wewe. Jina lako liko hapo chini."

"Na lako liko hapo juu. Nimeliandika mwenyewe."

"Ukurasa unang'oka," alisema kaka yangu.

Tukatazamana. Kwenye korido mtu alipita akipiga mluzi.

"Nani alimfunga mwanao mgongoni kwa shuka ulipokuwa unakwenda shule ya jioni?" akauliza, sauti chini. "Wifi yako ananicheka, majirani wananicheka, mimi nazunguka sebuleni na kitoto kinalia. Nani?"

"Wewe, Kaka."

"Basi."

"Hicho ndicho kinachoniua," nikasema, na safari hii machozi hayakunisikiliza. "Ungekuwa mtu mwingine, nisingepita hapa. Ningekwenda kwa Mkurugenzi moja kwa moja. Nimepita ili uende mwenyewe."

"Siendi."

"Kaka, tafadhali."

"Nimesema siendi! Na wewe ukienda, usahau kwamba una kaka."

Akachukua koti lake, akanipita kama anavyopita meza.

Nilikaa pale dakika ishirini. Nilimfikiria binti yangu, ambaye akimwona Kaka dirishani huruka na kupiga kelele, "Mjomba!", na akimsikia Kasuku kwenye televisheni hunyanyua mikono yote miwili na kulia, "Gooooli!", hata kama mpira umetoka nje. Ningempoteza mmoja wao. Nilijaribu kuona ni yupi ninayeweza kumkosa, nikaona hakuna. Kwa hiyo nikaacha kuchagua mtu. Nikafunua daftari, nikausoma tena ule mstari. Ulikuwa kweli, na kuna mwanamume juu ghorofani alikuwa anaadhibiwa kwa kitu kisichokuwa kweli.

Mkurugenzi wetu ni mama mmoja mwembamba wa miwani. Hapandishi sauti hata kidogo, ndiyo maana watu wanamwogopa. Nilipofungua mlango wake bila kubisha, hakuna aliyegeuka. Kasuku alikuwa amesimama katikati ya zulia, anaongea.

"...waliniita, ni kweli. Walitaka nihamie kwao, wakasema ligi ikihama na sauti ihame. Nikaenda kuwajibu ana kwa ana. Kumkatalia mtu kwa simu ni kukosa adabu."

"Ukawakatalia?" Kaka alicheka kutoka kwenye kiti chake. "Hakuna anayekataa kitu kama hicho. Mheshimiwa, mwulize alikataa kwa nini."

"Ulikataa kwa nini?" Mkurugenzi akauliza.

Kasuku alinyoosha mikono ya shati. Alijibu bila kupamba, kama anasoma orodha ya wachezaji wa akiba. "Kuna mwanamke nataka kumwoa, yuko chumba cha mitambo. Kaka yake hanitaki. Nikihamia kwa wapinzani nitakuwa nimempa sababu ya kweli, na mpaka sasa hana hata moja. Sikutaka awe nayo."

Nilishika fremu ya mlango. Jibu lile walipewa wao, na mimi ndiye niliyepaswa kuwa wa kwanza kuliamini.

"Mheshimiwa," nikasema, "si yeye."

Nikasoma. Mstari mmoja, haukuchukua hata nusu dakika. Kisha nikaeleza laini, gari la wapinzani, voliboli, na Babu Waya ambaye wangeweza kumpigia simu hapo hapo. Mkurugenzi alivua miwani.

"Aliyebonyeza ni nani?"

"Mimi."

"Ulijua hairuhusiwi?"

"Nilijua."

"Kwa nini ukabonyeza?"

"Kaka aliniambia." Nilivyolisikia masikioni mwangu, lilikuwa jibu la mtoto wa darasa la kwanza.

"Hapa hatuna kaka wala dada," alisema Mkurugenzi polepole. "Tuna mkuu wa haki na mtu wa mitambo, na wote wawili mmeniachia ligi ikaenda." Akamgeukia Kaka. "Ni kweli?"

Nilimwomba Mungu asikatae. Nilimwomba asiniite mwongo mbele ya mwanamume yule.

"Kaandika kama ilivyokuwa," Kaka alisema.

Hukumu ilikuwa fupi. Mimi mwezi mmoja nje ya kazi. Kaka aweke funguo za ofisi mezani kabla ya saa kumi. Kasuku arudishiwe kitambulisho. "Ligi hairudi," Mkurugenzi akaongeza, akavaa miwani, akafungua faili nyingine.

Kaka alinipita mlangoni. Alisimama kidogo tu, ubavuni kwangu, uso mbele. "Tumemalizana mimi na wewe. Usije kwangu. Na mtoto usimlete."

Kwenye korido tukabaki wawili, mimi na Kasuku. Kitambulisho kilikuwa mkononi mwake, hajakivaa.

"Asante," alisema.

"Usinishukuru."

"Nashukuru daftari. Sijasema wewe."

Kofi lile lilikuwa halali yangu.

"Nijibu kitu kimoja," akasema. Alikuwa amenikaribia kiasi cha kunusa sabuni ya shati lake, na sikuwahi kumwona mbali namna ile. "Kama ungefungua daftari ukakuta halina kitu. Leo ungenifanya nini?"

Uongo ulikuwepo, mdomoni kabisa, mtamu na tayari. Ningeusema angenikumbatia.

"Ningeendelea kukushuku," nikasema.

Alitikisa kichwa mara moja. "Angalau hilo hujanipamba." Akageuka, akaenda zake kwa ngazi.

Sikumfuata. Miguu yangu ilikwenda upande mwingine yenyewe, mpaka kwenye mlango wa Kaka. Ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nilisikia droo zikivutwa, karatasi zikichanwa.

"Kaka."

Droo ikasimama, ikaendelea.

"Kaka, ni mimi."

Nikakaa chini, hapo hapo sakafuni, mgongo ukutani, magoti kifuani. Watu wa uhasibu walipita wakajifanya wanasoma simu zao. Dada wa mapokezi alinipa karatasi laini bila neno, akaenda. Sikujua nangoja nini. Nilijua tu kwamba akitoka na boksi lake, asikute korido tupu kama aliyoikuta Kasuku Jumatatu.

Nilisikia viatu ngazini. Nilivitambua nikiwa nimefumba macho. Vilikuja, vikapunguza mwendo, vikasimama. Kasuku akakaa sakafuni upande wa pili wa mlango, akanyoosha miguu yake mirefu mpaka katikati ya korido. Kati yetu palikuwa na upana wa mlango mzima.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Nikikuangalia hasira inaanza upya."

"Usiniangalie."

"Ndiyo maana naangalia ukuta."

Tukauangalia ukuta. Ulikuwa na bango la mechi ya fainali ya mwaka juzi, pembe moja imebanduka.

"Sasa umefuata nini?" nikauliza.

"Sijaja kwako," akajibu, na sauti ile ya nchi sita ikapanda kidogo, kama vile anapotaka watu wa mwisho kabisa uwanjani wamsikie. "Nimemfuata shemeji yangu."

Droo ndani zikakoma. Kitu kizito kikawekwa mezani. Hatua mbili, tatu, kisha sauti ya Kaka ikapenya kwenye mbao, imejaa hasira na mafua ya mtu aliyekuwa analia peke yake.

"Shemeji yako nani, wewe?"

"Fungua mlango nikutajie."

"Ondokeni hapo! Wote wawili! Nimesema ondokeni mlangoni kwangu!"

"Hatuondoki," alisema Kasuku, macho ukutani, na mkono wake ukaja taratibu juu ya sakafu mpaka katikati ya mlango, ukatulia hapo, kiganja juu.